Basi lina bima, nyumba haina

Katikati ya miaka ya 1970 kina mama wa Mraru, kijiji cha Taita nchini Kenya, walinunua basi. Magari ya kwenda Voi yalikuwa yakifika kijijini yamejaa, na mwenye kikapu cha mboga na mtoto mgongoni ndiye aliyeachwa barabarani. Wakachangishana kidogo kidogo kwa miaka kadhaa mpaka wakapata gari lao. Faida ya basi ilizaa duka na mbuzi, na mwaka 1980 shirika la Population Council la New York likakichapisha kisa chao katika kijitabu kilichosomwa mbali sana na Taita.

Kuna jambo dogo ambalo wanaosimulia kisa hicho hulipita. Basi lile halikuruhusiwa kusogea hata hatua moja bila bima. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, tumeirithi kwa mkoloni, na hadi leo askari wa barabarani anachokitazama kwanza ni ile stika ya kiooni. Lakini nyumba walimolala wenye basi hazikuwa na bima, wala hakuna aliyeidai. Nusu karne baadaye hali ni ile ile. Kijana wa bodaboda pale stendi ya Voi anajua bima yake inaisha tarehe ngapi. Mwalimu mstaafu aliyemaliza kiinua mgongo chote kwenye nyumba ya vyumba vinne hajawahi kuulizwa na mtu kama ile nyumba ina bima, naye mwenyewe hajajiuliza.

Upepo ndio unaouliza.

Upepo huu si kusi. Kusi huvuma tangu Aprili hadi Septemba, huvuka nyika ya Taru ukiwa umekauka, na mtu huuzoea kama alivyolizoea vumbi. Unaoezua mapaa ni mwingine. Huja alasiri ya siku ya joto la kuchoma, mvua za vuli au za masika zikikaribia, wingu jeusi likiwa limesimama juu ya milima ya Taita au kilima cha Sagalla. Mvua inapoanza kushuka ndani ya wingu hilo huburuta hewa baridi. Hewa hiyo ni nzito, huanguka kama maji ya ndoo iliyomwagwa sakafuni, ikigonga chini husambaa pande zote. Dakika kumi na tano, kisha kunyamaza. Darasa zima liko wazi, mabati yamekunjwa juu ya mgunga mita mia moja kutoka hapo, na kibanda cha kuku cha jirani hakijatikisika.

Watu wengi wakisikia bima ya upepo hufikiria vimbunga vya kwenye televisheni, vile vyenye majina ya watu. Kwa vimbunga hivyo, sisi tuko mahali pazuri. Kimbunga cha bahari huhitaji mzunguko wa dunia ili kijisokote, na karibu na ikweta, ndani ya nyuzi tano hivi, msukumo huo ni hafifu. Voi iko kama nyuzi tatu na nusu kusini, Mombasa nne. Majirani zetu wa kusini hawana bahati hiyo. Aprili 1872 kimbunga kiliing'oa mikarafuu ya Unguja na kuziharibu merikebu za Sultani Barghash. Mwaka 1952 kingine kilipiga Lindi. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilibomoa vijiji vya kaskazini mwa Msumbiji huku Mtwara wakiwa wamejiandaa kuhama. Na Mei 3, 2024, Rais William Ruto alipolihutubia taifa juu ya mafuriko, aliwatahadharisha watu wa pwani kwamba kimbunga Hidaya kilikuwa njiani. Kilifika upande wa Mafia, nguvu zikaisha, wavuvi wetu wakarudi baharini.

Basi anayesubiri kimbunga chenye jina ndipo anunue bima hatanunua kamwe, na pengine hatakosea. Ila paa lake litaondolewa na upepo usio na jina, ambao hata gazeti la kesho halitauandika.

Swali la haki ni hili: kwa nini nisitegemee chama cha kuchangiana? Mraru kulikonunuliwa basi kwa michango si mahali pa kudharau michango. Mzee akifariki, jeneza na usafiri hupatikana kabla ya jua kuzama. Mtoto akikosa karo, kina mama huketi wakatoa. Chama hukiweza kifo na karo kwa sababu huja kwa zamu: leo kwako, mwezi ujao kwangu. Upepo haujui zamu. Wanachama wote wanaishi kwenye tuta moja, chini ya wingu moja, na mabati yao yalipigwa misumari na fundi mmoja. Mapaa manane yakiondoka jioni moja, kila aliyepaswa kutoa mchango anahitaji kupewa. Hapo ndipo kampuni ya bima inapokuwa na maana, si kwa wema wake, bali kwa sababu fedha zake zinatoka pia kwa mtu wa Kisumu na wa Eldoret ambao siku hiyo jua liliwaka vizuri.

Hata hivyo Mkenya wa kawaida hanunui. Malipo yote ya bima nchini, ya kila aina, hayafiki asilimia 3 ya pato la taifa. Mikopo ya nyumba, ambayo ndiyo humlazimisha mtu kukata bima ya jengo, ni kama 30,000 tu katika nchi ambayo sensa ya 2019 ilihesabu kaya milioni 12. Sisi wengine tunajenga kwa mshahara, kwa sako, kwa kuuza ng'ombe; leo msingi, mwakani ukuta, mwaka wa tatu paa. Hakuna benki ya kutulazimisha. Na kusema kweli wengi tumeijua bima kupitia ajali za matatu na kesi zake zisizokwisha, kwa hiyo hatuiamini. Siwalaumu wanaoogopa. Nawalaumu zaidi wale wanaonunua bila kusoma.

Kuna mikataba miwili utakayoonyeshwa. Wa kwanza ni bima ya moto ya kawaida. Hiyo ina moto na radi, na mara nyingi mlipuko wa gesi ya kupikia. Upepo haumo. Dhoruba, mafuriko na tetemeko huongezwa juu kwa malipo ya ziada, na lisiloandikwa halipo. Mkataba wa pili ni ule wa kifurushi cha nyumba, ambao huwa na sehemu kadhaa: jengo lenyewe, vyombo vya ndani, vitu unavyotembea navyo kama simu na kompyuta, ajali za mfanyakazi wa nyumbani, na madai ya mtu atakayeumia kwako. Katika kifurushi, dhoruba kwa kawaida imo. Mwenye mkopo wa benki naye aangalie: bima aliyokatiwa ililenga kumlinda mkopeshaji, na akiisoma anaweza kukuta ni ya moto peke yake.

Ukishalipata neno dhoruba, usifunge hati. Endelea hadi penye maandishi madogo. Mikataba mingi husema maji ya mvua yatalipiwa tu ikiwa upepo ndio uliotangulia kufungua tundu yakapitia hapo. Mvua iliyoingia kwa dirisha lililosahauliwa, au kwa bati lililooza, ni yako. Kutu na uchakavu havilipwi popote. Ua, lango, choo cha nje, jiko la nje na zizi la mbuzi mara nyingi viko nje ya mkataba usipovitaja, na tangi la maji na paneli za sola juu ya paa afadhali vitajwe kwa majina. Nyumba ya udongo na miti usiiite ya mawe ili malipo yashuke: jibu la uongo kwenye fomu huweza kuufuta mkataba wote. Nyumba ambayo haijamalizwa inahitaji mkataba mwingine wa ujenzi, na hii inawahusu wengi wetu kuliko tunavyokubali.

Kifungu kinachowaumiza zaidi watu wa huku, nadhani, ni cha nyumba tupu. Mikataba mingi huondoa au hupunguza kinga nyumba ikikaa bila mtu zaidi ya siku 30 mfululizo. Sasa hesabu nyumba nzuri za mawe kuanzia Mraru kupanda hadi Wundanyi, uone ni ngapi zinafunguliwa Desemba tu. Mwenyewe yuko Mombasa bandarini, au Nairobi, au Doha. Kuna kufuli kubwa mlangoni na mpwa anayepita kumwagilia miche. Mtu huyo ndiye mwenye uwezo wa kulipa bima, na ndiye ambaye bima yake inaweza kuwa karatasi tupu mwezi wa Oktoba, upepo ukivuma. Dawa ipo: unaiambia kampuni tangu mwanzo kwamba nyumba ina mlinzi au ndugu anayelala humo, au unaomba kifungu kibadilishwe, hata kama malipo yatapanda kidogo. Unaomba kwa maandishi. Ahadi ya wakala kwa simu haina mahali pa kukaa siku ya madai.

Halafu kuna kiasi unachokibeba mwenyewe kwanza, kabla kampuni haijatoa hata shilingi. Kwetu mara nyingi ni kiasi maalumu au asilimia ndogo ya hasara, nawe uulize ni ipi kati ya hizo mbili, na kwa upepo ni ngapi. Ndugu zetu walio Marekani wanaujua uchungu wa asilimia. Kimbunga Andrew kilipopiga Florida mwaka 1992, kampuni kumi na moja za bima zilifilisika, na tangu hapo pwani zile zimekuwa zikiwabebesha wenye nyumba asilimia 2, 5 au hata 10 ya thamani ya nyumba nzima kimbunga kinapopita. Mwenye nyumba ya dola 300,000 kwa asilimia 2 hutoa mfukoni dola 6,000 kwanza. Texas walifika mbali zaidi: tangu 1971 wana chombo maalumu cha kuwauzia watu wa pwani bima ya upepo, kwa sababu kampuni za kawaida huuondoa upepo kwenye mkataba wao. Mkenya anayenunua nyumba Galveston, kwenye pwani hiyo, hujikuta na mikataba mitatu: wa nyumba, wa upepo, na wa mafuriko. Baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005 watu walipelekana mahakamani miaka na miaka wakibishana kama ukuta uliangushwa na upepo au na maji. Ubishi wetu ni mdogo zaidi, wa upepo na kutu, lakini ni wa ukoo ule ule.

Tuje kwenye hesabu, ambayo ndiyo watu huiogopa bila sababu. Kinachokatiwa bima ni gharama ya kujenga upya, wala si bei ya kuuza. Bei ya ploti za Voi imepaa tangu treni ya Madaraka ianze kusimama hapo mwaka 2017, lakini upepo hauchukui ploti. Toa ardhi, mwite fundi, piga hesabu ya mawe, saruji, mbao, mabati na ujira. Usipunguze kwa ujanja, kwa kuwa kuna kifungu cha uwiano. Tuseme kujenga upya ni shilingi milioni 4, nawe ukaandika milioni 2 ili ulipe kidogo. Paa linaondoka, hasara ni 600,000. Kampuni itasema uliikatia bima nusu ya nyumba, chukua nusu ya hasara: 300,000, kisha itoe na kile kiasi chako cha kubeba. Hapo wengi hulia kwamba wameibiwa, na hawajaibiwa.

Malipo yenyewe? Viwango hutofautiana, kwa hiyo chukua mfano tu. Jengo la milioni 3 likitozwa asilimia 0.2 kwa mwaka ni shilingi 6,000. Chini ya karatasi utaona vipande vitatu: asilimia 0.2 ya mafunzo, yaani shilingi 12; asilimia 0.25 ya hazina ya fidia, shilingi 15. Na ushuru wa stempu shilingi 40. Jumla 6,067. Ni kama bei ya mbuzi wa wastani. Na ulipe kabla ya kuanza kujiona una kinga, maana Sheria ya Bima, Sura ya 487, haimruhusu mwenye kampuni kubeba hatari yako kwa mkopo. Aliyekuambia "tutamalizana mwisho wa mwezi" amekuacha uchi hadi mwisho wa mwezi.

Ile shilingi 15 ya hazina usiidharau. Ndiyo mfuko wa kuwafidia wenye bima kampuni inapoanguka, na kampuni huanguka: Blue Shield iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria mwaka 2011, Resolution mwaka 2022. Lakini mfuko huo una kikomo, shilingi 250,000 kwa dai moja, ambazo hazijengi nyumba. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha bei, angalia orodha ya kampuni zilizopewa leseni na Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, IRA, kwa mwaka huu hasa. Wakala naye ana leseni yake; mwombe akuonyeshe. Mwenye leseni hachukii kuulizwa. Kisha uliza ofisi iliyo karibu iko wapi na mkadiriaji wa hasara hutoka mji gani, kwani kampuni ya bei nafuu ambayo mkadiriaji wake hutoka Nairobi mara moja kwa mwezi itakuacha ukilala chini ya turubai.

Kuna jambo ambalo kampuni haitakufanyia kwa bei yoyote, nalo ni kulifunga paa. Upepo hauling'oi paa kwa kulisukuma tu. Ukipita juu yake kwa kasi hulivuta, na mvuto mkali zaidi uko pembeni na kwenye kingo. Baraza lililo wazi huongeza balaa, kwa sababu upepo huingia chini ya bati na kulisukuma huku ule wa juu ukilivuta. Panda juu na fundi mtazame misumari ya kingo. Nyingi ya nyumba zetu zimepigwa misumari sawa kila mahali, na pale pembeni, penye vita, imewekwa michache zaidi kwa kuwa ngazi ilikuwa haifiki vizuri. Bati la geji 30 hupasuka kwenye kichwa cha msumari mapema kuliko la geji 28. Na kenchi ziwe zimefungwa kwa ukanda wa chuma uliozama ndani ya ukuta, tena mistari kadhaa ya mawe kwenda chini. Kenchi iliyolazwa tu juu ya ukuta huondoka pamoja na bati lake. Ukiwa na fedha za jambo moja tu mwaka huu, mimi ningefunga kenchi kwanza na bima ningeikata mwakani. Najua mawakala hawatanipenda.

Nako Taita Taveta hatuwezi kuzungumzia nyumba bila kumtaja tembo. Zaidi ya nusu ya kaunti ni mbuga ya Tsavo, na tembo mwenye kiu akinusa tangi la maji, au mahindi ndani ya stoo, ukuta kwake si kitu. Mikataba ya bima huwa na kifungu cha nyumba kugongwa na gari au mnyama asiye wako. Baadhi bado ina maneno ya zamani yaliyotoka Uingereza, yanayotaja farasi na ng'ombe. Hao walioandika hawakuwahi kulala Voi. Uliza kama tembo yumo, na jibu likae kwenye karatasi. Asipokuwemo, njia iliyobaki ni Sheria ya Wanyamapori ya 2013, inayoruhusu fidia ya mali iliyoharibiwa na wanyama waliotajwa humo, kupitia Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Na yeyote aliyewahi kuishika njia hiyo atakwambia ni ndefu.

Siku upepo ukija kweli, piga picha kabla ya kugusa kitu, ndani na nje, na picha ya nyumba za jirani zilizoezuliwa pia, kwa kuwa zinathibitisha kwamba haikuwa kutu yako. Ijulishe kampuni siku hiyo hiyo. Funika kwa turubai na uweke risiti yake. Kuzuia hasara isiongezeke ni wajibu wako kwa mkataba, na gharama hiyo unaweza kuidai. Chukua barua ya chifu. Kampuni ikitilia shaka kama kulikuwa na dhoruba, Voi ina kituo cha Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa kinachopima upepo kila siku, ingawa upepo wa wingu moja unaweza kupiga Mraru bila kukigusa kituo, na ndiyo maana picha za majirani ni muhimu.

Na yale mabati yaliyokunjwa, usimruhusu mnunuzi wa vyuma chakavu ayaondoe kabla mkadiriaji hajafika. Atayageuza atazame matundu ya misumari. Tundu lililochanika kuelekea upande mmoja, chuma chake kikiwa bado king'avu, ni kazi ya upepo. Tundu la mviringo lenye ukingo mwekundu uliomomonyoka lilikuwa limelegea siku nyingi, na hilo atalikata kwenye hesabu.